Ate Cion na Pumzi Iliyopiga Mluzi

Alizaliwa tarehe 4 Septemba 1948 kijijini San Vidal, Bulacan, mtoto wa mpiga pasi, naye akawa mpiga pasi. Alibatizwa Consolacion, ila wote walimwita Ate Cion, yaani dada Cion. Sauti yake, jamani, ilisikika kwanza Kwaresima ya 1962 kwenye Pasyon, ule wimbo wa mateso ya Bwana unaoimbwa kwa zamu, mchana na usiku, bila kukatika hata mstari. Mwaka 1970 mwanawe alipona surua kali, Cion akaweka nadhiri: ataimba kila mwaka mpaka kufa.

Alipofika miaka thelathini na mbili vidole vilivimba, vikapinda. Kijiji kizima kikajua sababu: amenawa maji baridi mikono ikiwa bado na moto wa pasi! Wakamkataza maji, wakamsugua mafuta. Miaka ikaenda. Sauti ikakwaruza, kumeza kukauma mpaka masikioni. Sababu ikajulikana tena: anaimba mno. Akanywa tangawizi, birika kwa birika.

Alhamisi Kuu ya 1991 aliimba huku kila pumzi inapiga mluzi.

"Ate Cion," akamtania Pacing, jirani na mwimbaji mwenzake, "umekuja kuimba au kuuza puto?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, akadondoka.

Hospitalini daktari alisema ni baridi yabisi, ileile ya vidole. Kooni nako kuna viungo viwili, vidogo kama choroko, vinavyofungua njia ya hewa. Ni nadra ugonjwa huo kuvikaza hivi, lakini kwake ulishavikaza. Mafua tu yangemuua. Atobolewe shingo apate kupumua, na kuimba ndiyo basi.

"Na nadhiri, Ate?" Pacing alilia.

Cion alifikiri siku nzima, hewa ikimpungukia. Kisha akanong'ona: "Nilimwahidi Bwana kuimba mpaka kufa. Kuharakisha sikumwahidi. Mwite daktari."

Aliishi miaka ishirini na miwili na bomba shingoni. Kila Juma Kuu aliketi kati ya waimbaji, akifungua kurasa kwa vidole vilivyopinda. Pale Bwana anaponyamaza mbele ya Herode, aligonga meza, wote wakanyamaza. Pasyon ikakatika! Wazee walinung'unika. Yeye alikuwa anasikiliza pumzi zao.

Alifariki tarehe 2 Februari 2013. San Vidal bado wananyamaza pale pale. Nasi tumwige: mwenzetu akikwaruza sauti, tusikimbilie kujua sababu, tumsikilize kwanza. Mwaka 2016, katika ukimya huo, koo moja lilipiga mluzi. Lilikuwa la Pacing, mwenye mikono iliyovimba siku nyingi. Hakuna aliyetania. Walimbeba hospitalini kabla ya ubeti uliofuata, na mwaka huu alikuwa pale mezani, anafungua kurasa.