Nozo Zilikuwa Nzima

Jumanne nilikuwa kwenye gereji moja hapa Nakuru mama muuza viazi alipoleta pikapu yake ya dizeli kwa mara ya tatu. Ilikuwa inazima kila ikipanda mlima. Fundi hakufungua hata boneti.

"Ni zile nozo za kupulizia dizeli tena, mathe. Tubadilishe."

Mama akamrushia funguo. "Endesha wewe, hadi mlima wa Sachangwan."

Nikadandia nyuma, maana umbea ndio kazi yangu. Mlimani gari likazima. Fundi akachokora tangi kwa waya, akavuta kitambaa kilichoziba njia ya mafuta. Kilikuwa kipande cha ovaroli, buluu kama aliyovaa.

"Kumbe nozo zangu ulizotoa zilikuwa nzima," mama akasema. "Ziko wapi?"

Fundi akakohoa. "Niliziuza, mathe."

Mama akashika usukani, akamwacha barabarani.

Wenye dizeli, gari likiugua ugonjwa uleule mara tatu, mpimeni fundi.