Mpwa Wangu na Fimbo ya Mpakani

Ukimwona leo mpwa wangu Pyo Hyeon-deuk mbele ya lile dirisha kubwa la kilimani linalotazama mpaka, fimbo ya kuonyeshea mkononi, wageni kutoka Seoul wamekodoa macho, utadhani alizaliwa akiongea. Wapi! Mimi mjomba wake nakwambia bila haya: mtoto yule akisikia mgeni anabisha hodi, alikuwa anajifungia chumba cha magunia ya mchele mpaka mgeni aondoke. Kuna mgeni alikaa siku mbili.

Ufasaha alionao kaupata kwangu. Dada yangu, yaani mama yake, anabisha, lakini yeye siku ile hakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Sisi ni wakulima wa mpunga hapa Cheorwon, mpakani kabisa na wenzetu wa kaskazini. Mashamba yetu yako ndani ya kizuizi cha jeshi, na kila asubuhi natoa kitambulisho kwa askari wa lango ambaye jana tu nilimpa viazi vitamu vya kuchoma. Bado ananiuliza mimi ni nani. Basi zamu ya Hyeon-deuk ya kwenda jeshini ilipofika tukamuaga kwa machozi, mama yake akamfungia keki za mchele za kumfikisha mwisho wa nchi, na kompyuta ya jeshi inayopanga vituo ikamrudisha kilomita sita kutoka jikoni kwetu. Miezi minane akalinda uzio, darubini shingoni.

Kisha, maajabu, akaomba mwenyewe kuwa askari wa kuongoza wageni pale kilimani. Yeye! Sababu alimwambia bibi yake tu, naye bibi yake ni mama yangu, hana siri. Mama alizaliwa upande wa pili wa uzio, akaukimbia wakati wa vita akiwa na miaka kumi na mitatu. Sasa ana themanini na saba. Hyeon-deuk alimwambia, "Bibi, nitakuonyesha mimi, kwa fimbo yangu."

Wakamjaribu mara ya kwanza, akaganda. Mara ya pili, akaganda. Kanali Tak, mkuu wake, akasema jaribio la tatu ndilo la mwisho: akishindwa, fimbo anapewa mwingine, yeye anaenda jikoni kumenya vitunguu saumu mpaka siku ya kuachiwa na jeshi. Na ili ajaribiwe sawasawa, Kanali akaalika wazee wa kijiji chetu wawe wageni wake. Huyo Kanali hatujui sisi. Afadhali angemwekea majenerali.

Tukapanda na basi, watu thelathini, mama yangu akiwemo, mayai ya kuchemsha mifukoni. Tumelima chini ya kilima hicho maisha yetu yote na wengi wetu hatukuwahi kufika juu. Ukumbini kuna viti vimepangwa ngazi ngazi, na mbele dirisha zima ni mpaka: uzio wetu, pori, uzio wao, milima. Kanali akakaa nyuma kabisa, kalamu mkononi.

Hyeon-deuk akaingia, buti zinang'aa. Akapiga saluti. Akageukia dirisha, akainua fimbo.

"Mbele yenu..." akasema.

Basi. Akakwama hapo. Fimbo juu, mgongo kwetu, masikio yamekuwa mekundu kama pilipili.

Mzee Bong, jirani yangu, hajui kunong'ona. "Man-bok! Huyu mpwa wako ni wa kuongea au ni wa kupamba dirisha?"

"Mwacheni apumue!" mama akafoka. "Hata redio zetu za zamani zilikuwa zinapata moto kwanza."

Nikageuka, nikaona Kanali anaandika. Sasa hapa ndipo akili ya mtu aliyeishia darasa la sita ilipofanya kazi. Mimi niliwahi kuwa sajenti wa kikosi hiki hiki, karibu miaka arobaini iliyopita. Na kila aliyevaa gwanda la nchi hii anajua: mkubwa akikugusa, popote ulipo, hata umelala, unapaza cheo na jina lako. Hufikirii. Mdomo unajifungua wenyewe.

Nikainuka kama mtu anayetafuta choo. Nikapita pembeni, nikamfikia nyuma, nikamgonga bega kwa vidole viwili, kavu, kisajenti.

"ASKARI WA DARAJA LA KWANZA PYO HYEON-DEUK!"

Vioo vikatetemeka. Mzee Bong akaangusha yai. Hyeon-deuk akageuka kwa ukakamavu wote, akanikuta mimi.

"Mjomba!"

"Sauti unayo," nikamwambia. "Endelea nayo kabla haijapoa."

Na akaendelea! Maneno yakatoka kama maji ukifungua mfereji wa mpunga. Kilomita mbili za kwao, mbili za kwetu, katikati mabomu ardhini na korongo wanaopita juu bila kibali cha mtu. Hakuangalia karatasi hata mara moja.

Ndipo mama akainua mkono. "Afande. Kijiji changu kiko wapi? Kilikuwa chini ya mlima wenye mgongo wa ng'ombe."

Hilo kwenye karatasi yake halikuwepo. Kanali akaacha kuandika. Hyeon-deuk akamsogeza bibi yake kwenye darubini ya miguu mitatu, akaielekeza taratibu.

"Fuata fimbo yangu, bibi. Ng'ombe amelala pale, kichwa kushoto. Chini yake mto unajikunja mara mbili. Nyumba hazipo tena, ni shamba la mahindi. Ila kwenye mavuno niliona matita ya mabua yamesimamishwa matatu matatu."

"Matatu?"

"Matatu, bibi. Mashamba mengine yote manne manne."

Mama akatoa jicho kwenye darubini, akatugeukia kwa kiburi ambacho sijamwona nacho hata siku ya harusi yangu. "Matatu ndiyo ya kwetu! Hao wengine walikuwa hawajui kulima tangu zamani."

Ukumbi ukalipuka makofi. Mzee Bong ndiye aliyepiga zaidi, mnafiki yule.

Kanali akashuka ngazi polepole. "Askari Pyo, fimbo ni yako. Jumamosi unapokea wageni mia moja." Hyeon-deuk akapiga saluti, na safari hii hakuwa mwekundu popote.

Mimi nikawa nimeshasimama mbele ya watu, naanza kueleza jinsi nilivyomfundisha. Sikumwona Kanali akizunguka nyuma yangu. Nikahisi tu vidole viwili begani.

"SAJENTI OK MAN-BOK!"

Kilima kizima kilicheka. Hyeon-deuk alicheka mpaka akaegemea ile fimbo yake.

"Vizuri, Sajenti," mama akasema akifuta machozi. "Sasa mletee mpwa wako yai. Ameongea sana."