Ndevu za Shemeji

Jina la Sista Pilipili alipewa na wagonjwa wenyewe, na hawakumwonea. Miaka kumi na saba alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, akiwadharau madaktari wanaopita mbio kama wanafukuzwa, na ndugu wanaomvua mgonjwa barakoa ya hewa eti wamlishe uji. Ila dharau ya daraja la kwanza alimwekea shemeji yake, mdogo wa mumewe, kinyozi mmoja mwenye maringo, aliyezoea kumwita "mbeba mikojo" mbele za watu.

Kumbe za mwizi arobaini. Shemeji akaletwa wodini kwake na homa ya mapafu ya virusi, anahema juujuu, kila neno likidai pumzi yake, kifaa cha kidoleni kikisoma oksijeni asilimia themanini na nne, wakati mtu mzima wa afya husoma tisini na tano kwenda juu. Chumba cha mahututi kilikuwa kimejaa pomoni. Kilichobaki ni mashine ndogo ya pale wodini, inayosukuma hewa kupitia barakoa bila kumwingiza mtu mpira kooni. Barakoa hiyo isipobana uso sawasawa, haina kazi. Na huyu bwana alikuwa na ndevu!

Tena ndevu zilizochongwa, zikapakwa mafuta, zikachorwa ukutani kwenye kibanda chake. Hewa ikatorokea humo, fyuuu, namba ikagoma kupanda.

"Zinyolewe," Sista akasema.

Shemeji akatikisa kichwa. "Ndizo... tangazo langu."

"Loo! Mwanamume mzima anataka kuwa maiti nadhifu! Wateja watakufuata kaburini?"

Mama mkwe, aliyekaa kando ya kitanda, akaingilia. "Taratibu, mwanangu. Ni mgonjwa."

"Nisamehe, mama. Tukienda taratibu, tutamzika."

Alisema kwa ukali, lakini jicho halikubanduka kwenye ile namba. Alishawaona wengi wakichoka kuhema, na huyu alikuwa anachoka. Kumnyoa kwa nguvu mtu mwenye akili zake, hata kama ni chache, hakuruhusiwi. Akamwekea mirija ya oksijeni puani, akamletea sabuni, maji na wembe mpya.

"Haya, bingwa. Jinyoe mwenyewe. Mimi mbeba mikojo nitajua wapi?"

Shemeji akashika wembe. Mkono ukatetemeka. Akaushika kwa mkono wa pili, yote miwili ikatetemeka. Akaitazama mikono yake, machozi yakamlenga, kisha akamrudishia Sista wembe.

Sista alinyoa vibaya, Mungu amsamehe. Huku kipara, kule kichaka, na kidevuni akamchanja.

"Vuta... ngozi," shemeji akahema.

"Vuta pumzi wewe!"

Barakoa ikabana, ile fyuuu ikakoma. Themanini na tisa. Kufikia mchana, tisini na tatu. Sista akaenda kwenye chumba cha kuoshea mabeseni, akafunga mlango, akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Mwezi uliofuata Sista alipita nje ya kibanda cha kinyozi, akasikia watu wanacheka. Shemeji, kidevu kimeanza kuota upya, alikuwa anawahadithia wateja jinsi wauguzi wasivyojua kushika wembe, akiigiza hata sauti ya Sista, hadithi ndefu, bila kituo, bila shukrani hata chembe.

"Mshenzi mkubwa," Sista akasema. Lakini hakuondoka. Alisimama pale nje akimsikiliza mpaka mwisho, akihesabu maneno anayoyatoa kwa pumzi moja.