Mbeba sampuli aliyeaminiwa mara ya pili

Mlango wa chumba cha upasuaji unafunguka kidogo. Mkono wenye glavu unatoa kichupa, na mwanamke aliyekuwa akisubiri ukutani anakipokea kwa mikono miwili. Anakilaza ndani ya kisanduku cha baridi, anafunga kifuniko na kuondoka. Hakimbii, maana kisanduku hakitaki mtikisiko.

"Pisheni, nimebeba mtu," anawaambia wauguzi kwenye korido. Wanacheka, lakini wanampisha.

Hapa hospitalini wanamwita Bi Barafu. Kazi yake ni kupeleka sampuli kwenye maabara ya utafiti, ng'ambo ya uwanja. Watafiti wa maabara hiyo wanasaka chanzo cha endometriosisi, ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo na kuleta maumivu makali. Kwa nini umshike huyu na kumwacha yule? Mpaka leo hakuna mwenye jibu kamili.

Jina la utani alilipata kutokana na kosa. Wiki yake ya kwanza alikuta maabara haina mtu. Alikuwa ameuza samaki miaka mingi, na kwa muuza samaki kitu kibichi hakiachwi mezani. Akakitia kichupa kwenye friza.

"Nilijiona nimefanya la maana," anasema akijishika kichwa. "Kumbe nimeua! Chembe hai za mle ndani zinataka ubaridi tu, hazitaki kuganda. Zikiganda vile, basi tena."

Akajua kibarua kimeota nyasi. Mtafiti mkuu hakumfokea. Alimketisha mbele ya darubini, akamwonyesha chembe hai na zilizokufa. Kisha wakaenda pamoja kumwomba radhi mwenye sampuli, fundi cherehani aliyeugua tangu usichana huku akiambiwa anadeka.

"Nilitegemea matusi. Nilivyokuwa natetemeka, akaniuliza, 'Mama, umekula kweli wewe?' Nikalia kama mtoto. Yule binti namshukuru mpaka kesho."

Fundi alisema akipasuliwa tena, atatoa tena. Hakuna aliyetaka arudi. Lakini maumivu yamerudi, na kichupa cha asubuhi hii ni chake. Mwenyewe ameomba kibebwe na Bi Barafu.

"Mwingine angesema huyu asiniguse," anasema Bi Barafu. "Yeye kanitaka mimi. Usiku kucha sijalala."

Kuzitenganisha chembe huchukua saa kadhaa. Bi Barafu anaendelea na mizigo mingine, ila kila akipita anachungulia mlangoni. Mchana mtafiti anamwita kwa kidole.

"Njoo uone, mama. Ziko hai."

Anainamia darubini muda mrefu. Akiinuka, macho yamemjaa machozi na wala hayafichi.

Wodini, fundi bado ana usingizi wa dawa. "Zimefika?" anauliza.

"Zimefika, mwanangu. Nimeziona kwa macho yangu. Asante."

"Hata kama jibu halitaniwahi mimi," anasema fundi polepole, "wakishajua kwa nini, uje uniambie."

Utafiti wa namna hii huchukua miaka, na Bi Barafu amebakiza mmoja tu astaafu. Ameshamwomba mtafiti mkuu asimsahau siku jibu litakapopatikana, popote atakapokuwa.

"Wasimpigie simu," anasema. "Ile habari ni mzigo wangu. Nitampelekea mwenyewe, hata kwa mkongojo."