Mzee wa Mnarani

Daktari wa meno hung'oa magego ya watu huku akipiga mluzi, lakini mkewe anajua mikono hiyohiyo hutetemeka ikifungua kabati la vioo pale sebuleni. Humo mna ngome, mfalme kijana, majoka na wachawi wa tamthilia aipendayo mumewe, vyote vya matofali ya plastiki ambayo kiwanda kiliacha kuyatengeneza zamani. Kila Jumamosi huwapiga mswaki majoka, jino baada ya jino, pumzi kaibana. Mke akipiga chafya, hutazamwa kama mwizi.

Juzi mama mkwe wa daktari alikuja kuwatembelea. Daktari alipotoka kazini alikuta mfalme kasimama mnarani, na mchawi mwenye ndevu nyeupe kakalia kiti cha enzi.

"Mama, nani kagusa humu?"

"Mimi, baba. Mzee mzima mnamsimamisha juu huko, kijana asiye na hata ndevu kakaa! Adabu gani hiyo?"

Mke kule jikoni akajisemea, leo ni leo. Daktari akalifunga kabati polepole.

Mfalme bado yuko mnarani. Na Jumamosi, mswaki mkononi, daktari alianza na mchawi, akainama kidogo: "Shikamoo, mzee."