Hodi kwenye Nyumba ya Runinga

Nilikuwepo mwenyewe, sikusimuliwa. Kwenye kibanda cha gemu pale Himo, vijana walishindwa na nyumba tupu ndani ya runinga. Haina zimwi wala damu. Ni milango tu, na nyayo zinazokufuata. Kila aliyefika mlango wa mwisho alikimbia.

“Atakayepita namwachia kiti changu!” bingwa wao akatamba.

Mama muuza ndizi wa Mwika, aliyekuwa kando akitazama, akanyoosha mkono. “Lete hicho kidude cha kubonyeza. Mnaingiaje kwa watu bila hodi?”

“Mama, hii ni gemu.”

“Nyamaza wewe.”

Akabonyeza mpaka mlango wa mwisho, akaita, “Hodi!” Akatulia, kidole hakigusi kitu. Nyayo zikampita, zikapotea. Mlango ukafunguka, sauti ikaitika, “Karibu, mama!”

Kibanda kizima makofi! Bingwa akasimama, mama akaketi.

Sawa, hiyo “karibu” nimeitia mimi. Ingekuwa aibu mgeni kama yule asikaribishwe.