Ndege ya Sebuleni

Walisema sitaweza kumpandisha hata kuku kwenye ndege. Walisema diploma yangu ya utalii ni karatasi ya kufungia mandazi, maana kama ingekuwa na thamani nisingekwenda nayo Uarabuni kubeba masanduku ya watu uwanja wa ndege. Wabadilisha pesa wa hapa Busia, watu ambao safari yao ndefu ni kuvuka mpaka na kurudi kabla ya chakula cha mchana, ndio waliojitolea kunifundisha habari za dunia. "Jamaa," mmoja aliniuliza akiwa amekalia kiti chake cha plastiki, "hiyo ndege yako itapaa kutoka jikoni au chooni?" Wenzake wakacheka mpaka wakasahau kuchunga noti zao.

Hilo moja nawasamehe. Nilikuwa nimenunua kitu cha kuchekesha kweli.

Nikiwa bado Uarabuni niliona mtandaoni kampuni ya ng'ambo inauza haki ya kufanya kazi kwa jina lake. Unalipa, wanakupa jina, nywila ya kuingia kwenye mtambo wao wa tiketi, video za mafunzo na cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Hutakiwi kupanga ofisi. Tena mkataba ulikataza ofisi: kazi yote ifanyike nyumbani, na kila mwezi uwatumie ada yao, umeuza au hujauza. Kwenye video mzungu mmoja amekaa sebuleni kwake na soksi, paka mapajani, anauza safari za visiwani. Mimi niliyesomea mambo haya darasani na kufaulu vizuri, nikaona sawa.

Nikarudi nyumbani, lakini akiba yangu haikutosha. Kina mama wa kikundi cha kanisa wakanikopesha, shangazi yangu wa kule Petta akauza mbuzi, na baba mdogo akatoa fungu kubwa kuliko wote. Yeye hakucheka. Yeye alitaka rehani, na rehani yenyewe ni kiwanja cha kule Masafu alichoniachia marehemu baba, kando ya barabara, kitu pekee nilichonacho chenye jina la baba.

"Sisemi kwa ubaya, mwanangu," alisema mbele ya mama. "Pasaka ijayo ikifika hujalipa, hiyo ploti inakuja kwangu. Na hutalipa." Hata mwezi haukuisha, akamwaga lori zima la mchanga pale, eti asije akachelewa kujenga.

Basi nikatundika bango la kampuni kwenye sebule ya mama, nikangoja. Mteja wa kwanza alikuwa mama mfanyabiashara kutoka Iyolwa, muuza viatu na vitenge, aliyetaka kwenda Dubai kununua mzigo. Kabla sijafungua kompyuta, mama yangu alikuwa ameshakamata kuku. Mgeni akanawa, akala, akanywa chai, akaulizwa habari za watoto na za mvua. Mimi nikamtafutia safari, nikampangia kila kitu, halafu nikataja bei na malipo yangu ya huduma.

Akanitazama kama niliyemtukana. "Mwanangu, mimi nakula kuku yako, nakunywa chai ya mama yako, sasa unaniambia nilipe ya huduma? Huduma gani, ya kuku?"

Mama akatokea mlangoni na kitambaa mkononi. "Ukimlipisha mgeni ndani ya nyumba hii, mimi nahama."

Mgeni akashukuru, akaaga, akaenda kukata tiketi Tororo, kwenye ofisi yenye kaunta na kijana asiyejua hata terminali ya uwanja wa ndege ni nini. Wa pili akala akaondoka. Wa tatu akaja na mkewe. Nikawapigia wenye kampuni. Dada mmoja mwenye sauti laini akanishauri niwape wateja glasi ya maji tu na nitabasamu. Glasi ya maji! Nilitamani aje yeye kumwambia mama yangu hivyo. Wasiokuja kula nao walikuwa na lao: mtu anayeuza tiketi sebuleni bila duka lazima anauza mabinti wa watu Uarabuni. Ada ya mwezi ikaendelea kukatwa. Mchanga wa baba mdogo ukaanza kuota majani.

Siku moja nikang'oa bango, nikachukua meza ya kulia chakula, mama akipiga kelele nyuma yangu, nikaibeba mpaka kwenye kibanda nilichopanga karibu na wale wale wabadilisha pesa. Kampuni iliona picha niliyoweka mtandaoni, ikafunga nywila yangu kwa kuwa nimevunja mkataba, na pesa zangu ikabaki nazo. Nikachukua rangi nikaandika jina langu mwenyewe, nikapata wakala mkubwa wa Kampala wa kunigawia kamisheni. Mkiniuliza kama kuna faida kununua ile haki yao, nawaambia nunueni meza.

Mama wa Iyolwa alirudi kutoka Dubai, kwa tiketi ile ya Tororo, amenuna. Walimpitisha Entebbe kwa bei kubwa na kumwacha akilala kwenye kiti cha uwanja wa ndege katikati ya safari. Akasimama mbele ya kibanda, akaangalia huku na huku. "Hapa chakula hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Vizuri. Hapa unaweza kunilipisha."

Nilimtafutia ndege ya Nairobi, nikamwambia lango gani ashukie Dubai na mzigo apimishe wapi, maana mizigo ya uwanja ule niliibeba kwa mabega yangu. Safari iliyofuata alikuja na wenzake wa soko zima la Tororo. Hao wabadilisha pesa sasa wananiuliza bei za kwenda kwa watoto wao Qatar, na wanauliza kwa adabu.

Kabla ya Pasaka niliwaita wote waliokuwa wakinidai, siku ya soko, kibandani. Kina mama wa kanisa wakahesabu, wakaimba kidogo. Shangazi alipata chake na cha mbuzi wa pili juu. Baba mdogo alifika wa mwisho, amevaa koti. Nikamwekea bunda lake mezani, mbele ya viti vyote vya plastiki. Alihesabu polepole, akahesabu tena, hakukuta upungufu.

"Mchanga wako, baba, tuma lori likautoe," nikamwambia. "Naanza kujenga."

Akaweka pesa ndani ya koti. Akasimama, akatazama meza, akatazama nyuma yangu kama anatafuta jiko. "Na chai je?"

"Chai iko nyumbani, baba. Njoo Jumapili, mama atachinja. Hapa ni kazini."